Mafunzo ya Uongozi Yametuachia Nini Katika Kartie?



Mwaka umepita tangu kundi la kwanza la shirika letu limalize mafunzo ya uongozi wa raia. Breve zimetundikwa ukutani. Lakini hapa Lubumbashi, katika kartie zetu za Katuba na Kenya, nini kimebadilika kweli?

Hatukuhesabu breve. Tulipita nyumba kwa nyumba na maswali matatu: nani anajua sheria? Nani anaongea kwenye mkutano wa avenue? Nani anaamua juu ya feza?

Kwa swali la kwanza, tulifurahi. Wamama wanakumbushana kwamba mtoto anaandikwa bure kwenye eta sivil ndani ya siku 90 kisha kuzaliwa. Wanajua pia kwamba tangu Sheria ya Familia irekebishwe mwaka wa 2016, mwanamke aliyeolewa haombi tena ruhusa ya bwana ili afungue konti ao atie saini mkataba. Mama mmoja muuza unga alifungua konti yake, na bwana yake ndiye aliyemsindikiza benki.

Kwa swali la pili, sauti zimeongezeka. Kwenye avenue moja, wamama ndio walileta neno la mitaro iliyojaa taka. Ilizibuliwa mbele ya mvua kuanza, na vijana walishika mapauni pamoja nao.

Swali la tatu ndilo linatuumiza. Katika komite nyingi mama anashika funguo za sanduku, lakini wanaume wanaamua feza itoke kwa kazi gani. Kushika funguo si kuamua. Na tuliona jambo lingine: wanaoamka alfajiri kwenda soko hawakupata nafasi ya kusoma, maana masomo yalikuwa ya asubuhi. Na ni wao wanaolipa taksi ya soko kila siku!

Kwa hiyo kundi la pili litasoma siku ya yenga, kisha ibada, na somo la kwanza litakuwa kusoma hesabu za komite. Katiba, kifungu cha 14, inaahidi usawa. Mwezi wa 12 mwaka wa 2023 tulichagua washauri wa komini kwa mara ya kwanza. Tuwaendee, tuwaulize taksi yetu inafanya nini.

Mama, ukisoma hii, alika jirani yako wa sokoni.