Je, Wajua? Gari la Langalanga Sebuleni, Injini Hamna

Ukikuta gari la Langalanga (Formula One) kwenye ukumbi wa duka kubwa, limezungushiwa kamba na watu wanapigana vikumbo kupiga nalo picha, utaapa ndilo lile uliloliona Jumapili kwenye televisheni. Mara nyingi silo. Ni gari la maonyesho, na likishachoka kuzungushwa mjini hutafutiwa mnunuzi. Kama umeanza kupima sebule kwa macho, soma haya kwanza.

Je, wajua gari la maonyesho la Langalanga kwa kawaida halina injini? Fungua kifuniko cha nyuma, na pale ulipotarajia mashine utakuta fremu ya chuma tu, imewekwa ili magurudumu ya nyuma yapate pa kushikilia. Giaboksi hamna, tangi la mafuta hamna. Umenunua umbo.

Je, wajua injini huenda wapi? Timu nyingi za Langalanga hazitengenezi injini zao. Huzichukua kwa mkataba kutoka kwa viwanda kama Mercedes, Ferrari au Honda, na mkataba ukiisha zinarudi kwa wenyewe. Wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Je, wajua hata ukiipata injini hutaiwasha kama unavyowasha Probox yako asubuhi? Vyuma vyake vimebanana kiasi kwamba ikiwa baridi haizunguki vizuri. Maji na oili hupashwa moto kwanza kwa mashine ya pembeni, kisha mafundi wenye kompyuta ndio huiamsha. Kwa mtu anayetaka pambo la nyumbani, kukosa injini ni nafuu.

Je, wajua jina moja la "gari la mashindano" hubeba vitu vinne tofauti? Kuna gari lililokimbia kweli na bado lina mashine yake. Kuna lililokimbia likang'olewa mashine. Kuna la maonyesho, lililoundwa na timu yenyewe kwa kalibu zake au kwa bodi ya zamani. Na kuna la kuiga, lililofinyangwa na karakana isiyohusiana na timu. Yakipangwa pamoja, jicho la mgeni halitofautishi. Bei ndiyo hutofautisha: la maonyesho huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola, pengine zaidi ya laki moja, lililompa bingwa ushindi huenda kwenye mamilioni.

Je, wajua rangi ya gari inaweza kukudanganya miaka kadhaa? Mfadhili akibadilika, timu hulivika gari lile lile stika mpya na kulirudisha barabarani. Kwa hiyo soma umbo. Tairi zenye mifereji ni za 1998 hadi 2008. Bawa la nyuma jembamba lililosimama juu ni la 2009 hadi 2016. Upinde wa kulinda kichwa cha dereva ulianza 2018. Rimu za inchi 13 zilitumika hadi 2021, na 2022 zikaja za inchi 18. Ukiona rangi za 2023 juu ya umbo la 2012, ujue bibi kavalishwa gauni la mjukuu.

Je, wajua pa kuchungulia ili ujue bodi ni ya nini? Usitazame pale palipong'arishwa. Inama, ingiza tochi chini ya kiti au ndani ya pua, mahali rangi haikufika. Kaboni ni nyeusi, na nyuzi zake huonekana zimesukwa kama mkeka. Faiba ya kawaida ni nyeupe au ya kimanjano, na vinyweleo vyake hushika mkono. Gari la kwanza la Langalanga lenye bodi ya kaboni lilikuwa McLaren MP4/1 la 1981, kazi ya mhandisi John Barnard.

Je, wajua gari la Langalanga ni refu kuliko Hiace? Hiace ya kawaida ina urefu wa mita 4.7 hivi. Magari ya Langalanga ya miaka ya karibuni yamepita mita 5, na tangu 2017 hadi 2025 upana wake ulifika mita 2. Mlango wa sebule nyingi hauna hata mita moja. Dawa ni kuvua pua, mabawa na magurudumu, kisha watu wakaingiza kiwiliwili peke yake. Pima mlango, korido na kona kabla ya kulipa, wala si baada ya lori kuegesha nje.

Je, wajua ukikaa ndani utajikuta umelala? Nyonga ziko chini, miguu imenyanyuka mbele yako, na huoni pua ya gari. Kiti cha gari la mashindano hukalibiwa kwa mwili wa dereva mmoja, hivyo mtu mnene kidogo huingia kwa kujikunja na kutoka kwa kuvutwa. Usukani huchomolewa kwanza. Bila hivyo miguu haipiti. Wageni wako watataka kujaribu, kwa hiyo andaa kigoda.

Je, wajua tairi za kwenye gari la maonyesho huenda hazijawahi kuwa za mbio? Pirelli, ambayo ndiyo pekee inayotoa tairi za Langalanga tangu 2011, huzikusanya zilizotumika baada ya mashindano. Timu haibaki nazo. Zile unazoziona dukani ni za umbo tu, zikiwa na maandishi yale yale ubavuni. Muuzaji akikuambia tairi hizi zilishinda Monaco, muulize zilitorokaje.

Je, wajua huko Marekani, kwenye mbio za NASCAR, taa za mbele za gari ni stika? Milango nayo haifunguki. Dereva huingilia dirishani. Timu nyingi ziko kuzunguka mji wa Charlotte, North Carolina, na huko magari yaliyostaafu huuzwa waziwazi, mara nyingi bila injini. Mwaka 2022 NASCAR ilileta aina mpya kabisa ya gari, na yale ya kizazi kilichotangulia yakakosa kazi katika daraja la juu. Mengine yaliishia gereji za mashabiki.

Je, wajua gari linaloshinda mbio za Daytona 500 za NASCAR halioshwi? Hupelekwa kwenye maonyesho pale Daytona na kukaa mwaka mzima likiwa na vumbi lake, mikwaruzo yake na vipande vya karatasi za sherehe. Ukinunua gari lililokimbia kweli, usiharakishe kulipiga rangi. Mkwaruzo unaotaka kuuficha huenda ndio uliokufanya ulipe.

Je, wajua gari moja linaweza kuongeza thamani yake maradufu bila kukimbia mbio nyingine ya ubingwa? Ferrari F2001 yenye chesisi namba 211, ambayo Michael Schumacher alishindia Monaco na Hungary mwaka 2001, iliuzwa New York mwaka 2017 kwa dola milioni 7.5. Mwaka 2025 iliuzwa tena Monaco kwa karibu yuro milioni 16. Mwaka huo huo Mercedes W196 ya miaka ya 1950 ilivunja rekodi ya bei ya gari la Langalanga mnadani Stuttgart kwa zaidi ya yuro milioni 51.

Je, wajua kwetu kuna gari lililoonekana limechoka likarudi kutwaa kombe? Volvo PV544 ilishiriki Safari Rally mwaka 1964 chini ya timu ya kiwanda, ikashindwa. Joginder Singh wa Kenya akaichukua ikiwa mtumba, akaitengeneza, na mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant wakashinda nayo. Wangeitundika ukutani, tusingekuwa na hadithi.

Je, wajua adui wa gari lisilotembea ni jua? Stika hupauka, na vanishi iliyofunika kaboni hugeuka manjano. Liweke mbali na dirisha. Liinue juu ya vigingi ili tairi zisibonyee upande mmoja, na ulifute kwa kitambaa laini, kwa sababu kingo za mabawa ni nyembamba na huvunjika kwa kuegemewa tu.

Je, wajua si lazima ununue gari zima? Pua, bawa la nyuma, kifuniko cha injini na rimu huuzwa kimoja kimoja. Rimu ikiwekewa kioo juu huwa meza ya kahawa. Pua hutundikwa ukutani kama pembe za nyati, na mlango wako unabaki salama.

Je, wajua sehemu ya thamani kuliko zote katika gari hili haina magurudumu? Ni karatasi. Dai namba ya chesisi, barua ya timu inayosema gari lilitoka kwao na lilifanya kazi gani, na picha zake za zamani ulinganishe tundu kwa tundu. Kama litavuka bahari, zungumza na wakala wa forodha kabla halijapakiwa, maana gari lisilo na injini wala namba ya usajili huzua maswali bandarini. Muuzaji mkweli atakuambia waziwazi, "Hili halijawahi kukimbia." Huyo mnunulie. Anayekuapia kuwa bingwa alilikalia lakini hana hata barua moja, muage kwa heshima, kwa sababu anachouza ni faiba na rangi.