Kipaji cha binti kisiuzwe kingali shambani

WAKULIMA wa Kintinku, wilayani Manyoni, wanaifahamu vizuri hasara ya kuuza mpunga ungali shambani. Mnunuzi huja wakati wa shida, hutoa fedha kidogo, na mavuno yakifika faida yote huwa yake. Hasara ya namna hiyo inaweza kumpata pia binti mwenye kipaji cha soka, hasa mshambuliaji, kwa kuwa mfungaji wa mabao ndiye anayetafutwa zaidi na wanunuzi.

Kwamba soka la wanawake ni kazi yenye kipato si jambo la kubishaniwa tena. Ligi Kuu ya Wanawake ilianza msimu wa 2016/17, na Mlandizi Queens ya Pwani ikawa bingwa wa kwanza. Tangu hapo wapo mabinti waliovuka mipaka, na mmoja wao ana asili ya mkoa huu wa Singida.

Huyo ni Aisha Masaka, mshambuliaji aliyezaliwa Oktoba 2003. Alipitia Alliance Girls ya Mwanza, kisha Yanga Princess ya Dar es Salaam. Mwanzoni mwa 2022 alisaini mkataba wa miaka mitatu na BK Häcken ya Sweden. Mwaka 2023 akawa mwanamke wa kwanza wa Tanzania kucheza Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, na Julai 2024 akasajiliwa na Brighton & Hove Albion ya Uingereza.

Mzazi aangalie tarehe hizo kwa makini. Masaka alikwenda Sweden akiwa ametimiza miaka 18. Clara Luvanga, mshambuliaji mwingine aliyezaliwa 2005, naye aliondoka 2023 kwenda Hispania akiwa na umri huo, na mwaka huo huo akahamia Al Nassr ya Saudi Arabia.

Umri huo una sababu. Kanuni za Shirikisho la Soka la Kimataifa (FIFA) haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa kwa sababu chache, kama vile wazazi kuhama kwa shughuli zisizohusu soka. Kwa hiyo mtu anayefika Kintinku akiahidi kumpeleka binti wa miaka 15 kucheza Ulaya, huku akidai nauli au fedha za pasipoti, asiaminiwe. Wakala halali huwa na leseni ya FIFA, na mzazi ana haki ya kuiomba aione.

Mkataba nao una mipaka. Mchezaji aliye chini ya miaka 18 hafungwi kwa zaidi ya miaka mitatu. Aliyetimiza umri huo mwisho ni miaka mitano. Karatasi ya miaka kumi iliyosainiwa na mtoto ni sawa na kuuza shamba kwa bei ya debe moja. Kabla ya kusaini, familia isome kiasi cha mshahara, makazi, matibabu anapoumia na masharti ya kuvunja mkataba. Ipo pia haki ya uzazi: tangu 2021 kanuni hizo zinampa mchezaji likizo isiyopungua wiki 14, kwa malipo yasiyopungua theluthi mbili ya mshahara.

Faida inaweza pia kurudi kwa waliomlea mchezaji. Anapouzwa nje ya nchi mkataba wake ukiwa bado hai, asilimia 5 ya ada hugawanywa kwa klabu zilizomfundisha kuanzia msimu wa kutimiza miaka 12 hadi 23. Tuseme ada ni Sh100 milioni. Fungu la kugawana ni Sh5 milioni. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 una Sh250,000, na kila msimu wa miaka 16 hadi 23 una Sh500,000. Klabu iliyokaa naye misimu minne, ya umri wa miaka 14 hadi 17, inastahili Sh1.5 milioni.

Tatizo ni kwamba fungu hilo hufuata usajili. Timu ya kijiji ambayo haijasajiliwa, na isiyo na kumbukumbu za wachezaji wake, haina cha kudai hata kama ndiyo iliyomvisha binti viatu vya kwanza. Aidha, mkataba ukiisha na mchezaji akaondoka bure, hakuna ada ya kugawana.

Shule nazo zimeonja matunda. Aprili 2023, wasichana wa Fountain Gate ya Dodoma walitwaa ubingwa wa soka la shule barani Afrika mjini Durban, Afrika Kusini, na kuiletea shule yao zawadi ya Dola 300,000 za Marekani. Kwa mkazi wa Kintinku, Dodoma si mbali. Barabara kuu na Reli ya Kati zinapita hapo hapo.

Hata hivyo, kazi hii ina msimu mfupi kuliko biashara nyingi. Wachezaji wengi huacha kabla au muda mfupi baada ya kufikisha miaka 35, na kano za goti zikikatika safari inaweza kuishia njiani. Ndiyo maana elimu ya binti isiachwe, na mshahara wa kwanza usiishie kwenye sherehe na mikopo ya ndugu. Sehemu yake inunue ng'ombe, kiwanja au mashine ya kukamua alizeti, iandikwe kwa jina la binti mwenyewe.

Maandalizi ya mwanzo hayahitaji fedha nyingi. Cheti cha kuzaliwa chenye tarehe sahihi kipatikane mapema, kwa kuwa hicho ndicho kitakachothibitisha umri siku ya usajili. Timu isajiliwe katika chama cha soka cha wilaya, na daftari la wachezaji litunzwe. Anayesubiri mnunuzi afike ndipo atafute cheti, atapangiwa bei.