Kompyuta Zinapasha Moto Bwawa la Kuogelea Uingereza, Lakini Kuna Kitu Rahisi Inazishinda

Kama bili yako ya stima inakutoa jasho, we bado. Mwaka wa 2023 meneja wa kituo cha michezo cha Exmouth, kule Devon, Uingereza, alikuwa anatarajia bili ipande kwa pauni 100,000 kwa mwaka mmoja tu. Bei ya gesi ilikuwa imeenda juu vibaya, na BBC ilikuwa imesharipoti kwamba mabwawa 65 yalikuwa yamefungwa tangu 2019. Bwawa likifungwa, watoto wa hiyo mtaa hawajifunzi kuogelea. Ndio hiyo.

Sasa cheki venye walijipanga. Kampuni inaitwa Deep Green ililetea hao wasee mashine saizi ya ile ya kufua nguo, imejaa kompyuta. Unajua venye simu yako huchemka ukicheza gemu? Hizi nazo huchemka hivyo mchana na usiku. Zimezamishwa ndani ya mafuta, mafuta yanabeba joto, halafu joto linahamia kwa maji ya bwawa bila hivyo vitu viwili kugusana. Hiyo inatosha kuweka maji kwa digrii 30 karibu asilimia 60 ya wakati. Gesi inamalizia. Na stima ya hizo kompyuta? Kampuni ndio inalipa. Safi sana.

Lakini manze, usidanganyike na kompyuta. Swali la maana ni hili: hiyo joto yote huwa inaenda wapi?

Inaenda hewani. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke pale juu ya bwawa, inaondoka na joto karibu mara saba ya ile ungetumia kuchemsha lita moja ya maji ya mfereji. Na bwawa linatoa mvuke usiku kucha hata kama hakuna mtu anaogelea. Halafu huo mvuke ukibaki ndani ya jengo, kuta zinaota ukungu na vyuma vinaoza, so mafeni lazima yautupe nje. Unatupa hewa yenye umelipia kupasha moto. Ni kama kupika githeri bila kifuniko na mlango wazi.

Dawa? Kifuniko! Unatandaza blanketi la plastiki juu ya maji kila jioni. Hewa ya ndani unaiweka digrii moja hivi juu ya maji, mvuke unapungua. Na hewa inayotoka unaipitisha kwa mashine inayonyang'anya joto na kupatia ile baridi inayoingia.

Exeter, mji jirani na Exmouth, walienda mbali zaidi. Bwawa lao la St Sidwell's Point, lililofunguliwa 2022, limejengwa kwa ile staili ya Passivhaus, yaani kuta na madirisha yameziba mpaka joto halipati pa kutorokea.

Kwa hivyo ukilipia ile gym ya mtaa yenye bwawa la maji moto, siku moja pitia wakifunga. Cheki kama kuna mtu anatandaza kifuniko.