Gesi Haiotwi

Juni na Julai, sakitu inapounguza majani ya viazi mashambani, chumba chenye watu wengi katika nyumba ya Kibena mkoani Njombe huwa jikoni. Moto wa mafiga matatu huivisha ugali na makande, hukausha mahindi ya mbegu yaliyotundikwa juu ya moshi, na huwapasha wazee miguu. Mgeni akishasalimiwa “kamwene” husogezewa kigoda karibu na moto, ndipo aulizwe shida iliyomleta. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake haina mzaha.

Hapo ndipo ujumbe wa nishati safi unapokuja kuhubiriwa. Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa taifa unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 nazo zimeagizwa kuachana na kuni na mkaa. Agizo hilo linayagusa makanisa moja kwa moja, kwani shule za bweni, vyuo na hospitali nyingi za mkoa huu ni zao. Hospitali ya Ilembula ni ya Kanisa la Kilutheri (KKKT), Dayosisi ya Kusini. Ya Lugarawa ni ya Jimbo Katoliki la Njombe. Mchungaji au padri anayewahimiza waumini wanunue jiko la gesi ana jiko lake la kuni nyuma ya bweni, na sufuria zake ni kubwa kuliko za yeyote anayemsikiliza.

Kuna pia msiba. Kwa Wabena, kama kwa majirani zao Wakinga na Wapangwa, mwenye msiba hapiki. Majirani huja na unga, maharage na kuni; vijana hupasua magogo, akina mama hugawana zamu za sufuria, na usiku waombolezaji hukesha nje wakiota moto huku kwaya ikiimba. Mzigo wa kuni ni rambirambi halali kwa asiye na fedha. Mtungi wa gesi wa kilo sita hauwezi kubeba shughuli ya watu mia mbili, wala hakuna aliyewahi kuota gesi. Kampeni nyingi huhesabu kuni kama nishati ya kupikia tu. Njombe ni lazima zihesabiwe pia kama blanketi.

Lakini anayedhani makanisa ya huku yamejifunza nishati safi kwenye mikutano ya tabianchi hajafika Matembwe. Katika kijiji hicho cha Tarafa ya Lupembe, CEFA, shirika la Kikatoliki la Bologna, Italia, lilishirikiana na wenyeji tangu miaka ya 1980 kujenga mtambo mdogo wa umeme wa maji. Ikaundwa kampuni ya kijiji, na umeme ukaanza kutotolesha vifaranga wa kuuza, jambo ambalo taa peke yake isingelifanya. Baadaye ukafuata mtambo wa Ikondo, ambao ziada yake huuzwa TANESCO. Ludewa nako, shirika la ACRA la Milano lilisaidia kujenga mtambo wa kilowati 300 pale Mawengi, unaoendeshwa na watumiaji wenyewe kupitia jumuiya yao, LUMAMA. Ukivuka mpaka kuingia Ruvuma, masista Wabenediktini wa Chipole wamejenga Tulila, megawati 5 juu ya Mto Ruvuma. Yote hayo yalianza kwa sababu ya kawaida kabisa: vijiji na misheni vilikuwa mbali na nguzo za umeme, na maporomoko yalikuwa jirani.

Maji hayo yana masharti. Mabondeni ndiko viliko vinyungu, bustani za kiangazi zinazowapa watu mahindi mabichi na mboga mvua zikikatika. Milimani mikaratusi imepandwa hadi kwenye chemchemi. Kila mmoja anavuta maji yale yale yanayozungusha mtambo. Kumwambia mama aache kinyungu chake kwa ajili ya umeme ambao haujafika kwake ni mahubiri magumu.

Kuhusu miti, mila ilitangulia dini. Msitu wa Nyumbanitu, Wilaya ya Wanging'ombe, ni patakatifu pa Wabena: haukatwi, hauingiwi bila wazee, na kuku weusi wanaosimuliwa kuishi humo hawana mwenyewe. Kilimanjaro, Askofu Fredrick Shoo wa KKKT alifika mahali pa kuitwa “askofu wa miti” baada ya dayosisi yake kuwataka watoto wa kipaimara wapande miti kabla ya kubarikiwa. Njombe hakuna uhaba wa kupanda. Kampuni ya TANWAT ilianza na miwati mwaka 1949, na tangu 1995 imekuwa ikichoma mabaki ya miti kuzalisha umeme wa megawati 2.5. Wakulima wadogo nao wana vitalu vyao vya miwati na mipaini, na mkaa wa miwati hulipa ada za shule. Ndiyo maana hoja ya kwamba kila gunia la mkaa ni msitu wa asili ulioteketea, inayokubalika pwani, haipiti kirahisi huku.

Maji na miti si nishati pekee huku. Makambako, mji wa stesheni ya reli ya TAZARA na njia panda ya Songea, una upepo ambao wawekezaji wameupima kwa miaka mingi na kuahidi mashamba ya megawati mamia. Kilichokuja kwanza ni laini ya kilovolti 220 ya kwenda Songea, iliyojengwa kwa msaada wa Sweden na kuzinduliwa 2019. Majenereta ya dizeli ya Songea yakapumzika.

Mtihani mkubwa zaidi kwa viongozi wa dini uko Ludewa. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa 2015, alitaka makaa ya mawe yaanze kuachwa bila kuchelewa. Mtandao wa GreenFaith, wenye Wakristo na Waislamu, umepinga bomba la mafuta la Hoima hadi Tanga. Lakini Mchuchuma, wilayani humo Ludewa, ina makaa ya mawe, na mpango wa kujenga hapo mtambo wa megawati 600 umesubiriwa tangu mkataba wa 2011 na kampuni ya Kichina. Vijana wanaosubiri ajira ya mgodi huo ni wa wilaya ile ile ambamo LUMAMA inawasha taa kwa maji ya mto.