Kubadili usemi Kamalondo
Kubadili usemi ni kuchagua lugha au namna ya kusema kulingana na msikilizaji, mahali na jambo linalozungumzwa. Wakazi wa Kamalondo, mtaa mkongwe wa mji wa Lubumbashi nchini Kongo, hufanya hivyo kila siku. Nyumbani na sokoni hutawala Kiswahili cha mji huo, kilichokuzwa na wafanyakazi wa migodi wa makabila mbalimbali baada ya kampuni ya madini ya Union Minière kuundwa mwaka 1906. Kanisani husikika Kiswahili bora, chenye upatanisho kamili wa ngeli. Ofisini hutumika zaidi Kifaransa. Viunganishi vya Kifaransa kama mais na donc huingia hata katika Kiswahili cha kawaida. Kwa uchaguzi huo, msemaji huonyesha heshima, elimu au undugu.