Oili ipi ya sintetiki ni kiboko? Mimi niliua injini nikiwa nabishania hilo



Kuna swali naulizwa karibu kila wiki: "Kaka, kati ya Mobil 1, Castrol Edge, Shell Helix Ultra na Total Quartz 9000, ipi kiboko?" Kwa muda mrefu nilikuwa nalikwepa manake jibu langu lina aibu ndani yake. Leo nalitoa lote, aibu ikiwemo.

Mwaka 2021 dada yangu alinunua Toyota IST iliyotumika, ya mwaka 2004, yenye injini ya 1NZ, cc 1500. Hela alikopa kwenye vikoba. Mimi nikawa dereva, nabeba abiria wa kuitwa kwa simu hapa Dar, kila wiki nampelekea hesabu na yeye anapeleka marejesho. Yaani gari lile halikuwa la kutambia mtaani, lilikuwa deni linalotembea.

Siku ya kumwaga oili ilipofika tulibishana kijiweni jioni nzima. Kila dereva ana chapa yake, kila mmoja ana binamu yake ambaye injini ilikufa kwa chapa ya mwenzake. Mwisho nikanunua dumu la lita 4 la bei mbaya kuliko yote dukani, limeandikwa sintetiki kamili kwa herufi za dhahabu. Fundi akaniambia, "Mdogo wangu, hii tembea nayo mpaka elfu kumi, usiwe na wasiwasi." Sikuwa na wasiwasi hata chembe.

Nilitembea nayo elfu nane na kitu. Kwanza asubuhi injini ikawa inachakarika sekunde mbili tatu ndo inatulia. Halafu taa nyekundu ya oili ikawa inawaka nikikata kona, nikinyoosha inazima. Nikasema labda waya. Siku moja Barabara ya Mandela, karibu na Buguruni, abiria yuko nyuma, injini ikaanza kugonga kama mtu anapiga debe. Nikazima, nikachomoa kijiti cha kupimia oili... kikavu! Fundi alipofungua nati ya sampu ilitoka kama lita moja tu. Beringi za kranki zimekwisha, injini imenoki.

Sasa sikilizeni, oili ile haikuwa feki wala haikuwa mbaya. Nitaeleza kilichotokea, ila kwanza tumalizane na hili neno sintetiki, manake ndo linalotutoa hela mfukoni.

Oili yoyote ya injini ina vitu viwili. Kuna oili ya msingi, ambayo ndo sehemu kubwa, na kuna dawa zinazochanganywa humo: za kuosha, za kuzuia chuma kulana, za kuzuia kutu, za kuzuia povu. Taasisi ya Petroli ya Marekani, API, imegawa oili za msingi kwenye makundi matano. La kwanza na la pili ndo tunazoita za kawaida, zinatoka kwenye mafuta ghafi. La tatu nalo linatoka kwenye mafuta ghafi, ila yamepikwa na haidrojeni kwa joto na mgandamizo mkubwa mpaka molekuli zake zikavunjwa na kupangwa upya. La nne linaitwa PAO, linaundwa kiwandani kutoka kwenye gesi, molekuli kwa molekuli. La tano ni mengine yote, zikiwemo esta.

Zamani ukisema sintetiki watu walielewa kundi la nne na la tano. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Castrol huko Marekani wakabadilisha oili yao ya Syntec, wakaacha PAO wakaingiza kundi la tatu, na dumu likaendelea kuitwa sintetiki. Mobil wakaja juu, wakapeleka malalamiko kwenye chombo kinachoamua ugomvi wa matangazo ya biashara, National Advertising Division. Mwaka 1999 uamuzi ukatoka: Castrol wakashinda. Tangu hapo kundi la tatu linauzwa kama sintetiki karibu kila mahali, na kampuni nyingi zikafuata njia hiyo hiyo kwa sababu ni rahisi kuliko PAO.

Sisemi kundi la tatu ni uchafu, hapana. La siku hizi ni zuri sana. Shell wana ile inayotengenezwa kwa gesi asilia, kiwanda kilijengwa Ras Laffan kule Qatar na kilianza kutoa bidhaa mwaka 2011. Nayo inahesabiwa kundi la tatu, na ni safi kama maji. Ninachosema ni kwamba neno "sintetiki" lililoko mbele ya dumu halikuambii kilichomo ndani. Nilikuwa nabishania herufi za dhahabu.

Geuza dumu. Mambo yako nyuma.

Tafuta alama ya duara ya API. Juu yake kuna herufi mbili: ikianza na S ni ya injini za petroli, ikianza na C ni ya dizeli. Herufi ya pili inapanda kadiri miaka inavyokwenda: SL ilikuja 2001, SM 2004, SN 2010, SP 2020. Ukiweka SP kwenye gari la zamani lililoandikiwa SL hakuna shida, mpya inabeba kazi ya ya zamani. Na SP ina jambo moja linalotuhusu sana sisi wa IST, Vitz na Raumi: imepimwa kwa kuchakaa kwa cheni ya taimingi, kipimo ambacho SN haikuwa nacho. Hizo injini zina cheni, hazina mkanda. Oili ya kawaida yenye SP halali ni salama zaidi kuliko "sintetiki kamili" ambayo nyuma imeandikwa SG. Na hizo zipo madukani, nimeziona kwa macho yangu.

Angalizo: kuandika "inakidhi API SP" ni maneno ya muuzaji. Alama ya duara ni leseni. Kwenye tovuti ya API kuna orodha ya oili zote zenye leseni na inafunguka bure, ingiza jina la oili uone kama ipo. Dakika tano tu, kabla hujatoka kafe.

Kisha uzito. 5W-30, 10W-40, 20W-50. Ile W ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza la majira ya baridi, na namba iliyo mbele yake inaeleza oili inavyofanya kazi kwenye baridi. Kipimo cha 5W kinafanywa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri! Hata Kitulo ikipiga barafu hatufiki huko. Namba ya pili ni uzito wake ikiwa na joto la nyuzi 100. Ili oili iitwe 30 lazima ipime kuanzia sentistoki 9.3 hadi chini ya 12.5, na 40 inaanzia hapo 12.5 hadi chini ya 16.3.

Mafundi wengi wanasema Dar ni joto, weka 20W-50. Kuna chembe ya ukweli, oili nzito inavumilia zaidi ukiwa umebeba mzigo mkubwa au unakimbia sana. Lakini injini ina thamostati na feni, ikishapata moto maji yake yanakuwa na joto lile lile karibu, iwe Dar iwe Tokyo. Na hizi injini zenye VVT-i zinageuza muda wa valvu kwa presha ya oili kupitia vijitundu vidogo, ukiziwekea uji zinakuwa nzito kuitika. Kitabu cha gari kimeandikwa Kijapani, sawa, lakini 5W-30 inasomeka kwa lugha zote. Mara nyingine kuna stika ndani ya mlango au chini ya boneti iliyobandikwa na gereji ya Japani, ina tarehe na kilomita za oili ya mwisho. Kabla hujaing'oa isome.

Sintetiki inazidi wapi basi? Haiwahi kuungua, haigandi kuwa tope haraka, na asubuhi inapanda juu upesi. Kwa gari lenye turbo, au linalorusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda, au la Mjerumani, hapo usijadili, weka sintetiki, tena yenye namba ya mtengenezaji mwenyewe kama MB 229.5 au VW 504 00. Kwa IST ni hesabu tu. Tuseme sintetiki ni bei mara mbili. Kama ya kawaida unamwaga kila kilomita 3,000 na sintetiki kila 6,000, gharama ya oili ni ile ile, faida yako ni filta moja na safari moja ya gereji. (Wenye bodaboda msininunie: hayo yote hayawahusu, nyie tafuteni JASO MA, manake klachi yenu inaogelea humo humo kwenye oili na ya gari inaweza kuifanya iteleze.)

Kilomita elfu kumi zipo, watengenezaji wengine wanaziandika kabisa, lakini ukisoma chini yake wanasema ni kwa matumizi ya kawaida. Foleni, vumbi, safari fupi fupi na kubeba watu kutwa wanaviita matumizi magumu na wanapunguza karibu nusu. Ukikaa saa nzima kwenye foleni ya Tazara injini inazunguka, oili inachoka, na kilomita hazisogei hata moja.

Haya, turudi Buguruni. IST ile ilikuwa inakula oili. Ringi za pistoni zilikuwa zimechoka kabla dada hajainunua, moshi hauonekani, ila inaramba taratibu, kama lita moja kila kilomita 3,000. Injini inabeba lita 3.7. Piga hesabu: kilomita 8,000 ni zaidi ya lita mbili na nusu zimeondoka. Imebaki lita moja ya kulainisha injini nzima, kuipoza beringi na kukaza cheni, kwa sababu kile kikazio cha cheni nacho kinasukumwa na presha ya oili. Kuchakarika kwa asubuhi ilikuwa cheni imelegea.

Na ile taa nyekundu, wadau, haipimi oili imebaki kiasi gani. Inapima presha. Inawaka pampu inapovuta hewa badala ya oili, ndo maana ilianza kwenye kona, oili ikikimbilia upande mmoja wa sampu. Ikiwaka unazima injini hapo hapo, usisogee "mpaka pale sheli". Ukisubiri taa ikuambie oili imepungua, umeshachelewa.

Ningepima kila wiki ningeongeza lita moja kila baada ya kilomita 3,000 na gari lingekuwa barabarani. Ile lita haikuhitaji hata kuwa ya chapa ile ile, oili zenye leseni zinapimwa kama zinachanganyika. Wanaosema ukishaweka sintetiki huruhusiwi kurudi nyuma wanakutisha tu. Na oili ikiwa nyeusi kwenye kijiti si lazima iwe imekufa, dawa za kuosha zinafanya kazi yake.

Injini nyingine ya kutoka Japani ilitugharimu milioni moja na ushee, bila ufundi. Dada hakunigombeza. Alikaa kimya, akauza cherehani yake akalipa marejesho ya miezi miwili, na hilo lilinichoma kuliko matusi.

Siku hizi nanunua 5W-30 yenye SP na alama ya duara, chapa itakayokuwepo, kwenye duka linalotoa risiti. Naangalia namba ya toleo kwenye mwili wa dumu kama haijafutwa futwa, na kizibo kama kimekatika chenyewe nilipofungua. Dumu tupu natoboa na bisibisi mbele ya fundi, kwa sababu wapo wanaoyanunua mazima na si kwa ajili ya kuchotea maji. Namwaga kila kilomita 5,000.

Jumamosi nikipeleka hesabu, dada haangalii hela kwanza. Gari likiwa limepoa, mahali tambarare, anafungua boneti mwenyewe, anachomoa kijiti, anafuta na tishu, anakirudisha, anachomoa tena, anaandika kwenye daftari tarehe, kilomita na alama iliyofikia. Injini hii inakula kama robo lita kwa kila kilomita 5,000. Dumu ni lita 4, inaingia 3.7, zile mililita 300 zinazobaki zinakaa kwenye buti, ndo tunazoongezea.