Bei ya Mashine na Bei ya Kikombe

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya Tanzania Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, ukakaa kwenye makabrasha zaidi ya miaka 40, kisha mwaka 2016 Serikali ikaanza kuhama kweli. Sensa ya 2012 iliwakuta watu takriban 411,000 katika eneo ambalo leo ni Jiji. Ile ya 2022 ikawakuta zaidi ya 765,000. Miongoni mwa waliohamia wamo maofisa wa wizara, wahadhiri, mawakili na wahandisi wa miradi waliozoea kahawa ya mashine Dar es Salaam, Nairobi au masomoni ng'ambo. Hao ndio wateja wa mashine ya espresso ya nyumbani yenye kinu chake ndani, chombo kinachosaga punje, kupasha maji na kuyasukuma kwenye unga kwa shinikizo. Wanauziwa kwa sura na kwa maandishi ya boksi, hasa yale ya “bar 15”, ambazo ni uwezo wa juu wa pampu tu. Espresso yenyewe hukamuliwa kwa takriban bar 9. Hoja yangu ni kwamba lebo ya dukani ndiyo kipimo dhaifu kuliko vyote. Gharama halisi ya mashine hii katika nyanda za kati huamuliwa na maji, punje na fundi, na mfanyabiashara atakayeanza na hayo ndiye atakayedumu.

Tuanze na hesabu. Mashine iliyofika bandarini kwa dola 400, ikitozwa ushuru wa asilimia 25 ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki hutoza bidhaa nyingi zilizokamilika, inakuwa dola 500. Ongeza VAT ya asilimia 18, ni dola 590 kabla ya tozo ndogo ndogo, usafiri na faida ya muuzaji. Tuchukulie imefika sebuleni kwa shilingi milioni mbili. Ikitoa vikombe viwili kwa siku kwa miaka mitano, kila kikombe kimebeba takriban shilingi 550 za mashine. Ikifa baada ya miaka miwili, kikombe kimebeba shilingi 1,370. Punje zinazohitajika kwa kikombe cha maradufu ni gramu 18. Kilo ikiwa shilingi 35,000, hizo ni shilingi 630. Umeme wa asubuhi nzima hauli hata robo ya uniti. Anayepigania kupunguziwa laki mbili dukani anaokoa shilingi 55 kwa kikombe. Anayeiua mashine kwa uzembe anapoteza mara kumi na tano ya hizo. Biashara nzima ya bidhaa hii imejengwa juu ya zile laki mbili.

Kinu ndicho sehemu ya kukagua kwanza. Espresso haina uvumilivu: maji yapite kwenye unga kwa sekunde 25 hadi 30, yatoke gramu 36 hivi. Yakitoka kwa sekunde 12 kahawa ni chachu na nyepesi. Yakidondoka kwa dakika nzima ni chungu kama mwarobaini. Tofauti kati ya hayo mawili ni hatua chache tu za kinu, na ndiyo maana unga uliosagwa kiwandani hauwezi kurekebishwa, na blenda ya jikoni haifai kabisa. Tafuta kinu cha meno ya chuma ya umbo la pia, chenye hatua nyingi, na jino la juu linalotoka kwa mkono ili lisafishwe, kama ilivyo kwenye Barista Express ya Breville, ambayo Uingereza huuzwa kwa jina la Sage. Kwa asiyetaka kujifunza kusaga na kushindilia, ziko mashine za kubonyeza kitufe kimoja kama Magnifica ya De'Longhi. Zina vipande vingi zaidi vya kuharibika, ila kitengo chao cha kukamulia huchomoka na kuoshwa kwenye sinki, jambo lenye thamani katika mji wenye vumbi kama huu.

Wapo wanaosema ni ujinga kununua vitu viwili katika boksi moja, kwa kuwa kinu kikifa mashine yote inakwenda kwa fundi. Hoja hiyo ina uzito, na kwa mtu aliye Dar, karibu na maduka ya vipuri, ningekubaliana nayo nusu. Hapa naikataa kwa sababu ya bei: kinu cha umeme kinachosaga laini kwa kiwango cha espresso mara nyingi hugharimu karibu sawa na mashine yenyewe, na huingia nchini kwa ushuru wake. Njia ya kati ipo, nayo ni kinu cha mkono cha meno ya chuma, kwa mnywaji wa kikombe kimoja asiyeona taabu kuzungusha dakika moja au mbili. Familia yenye wageni itachoka nacho mapema.

Kuhusu punje, Dodoma ina bahati ambayo haijatumiwa. Uwanda huu mkavu hauoti kahawa, lakini umekaa katikati ya walimaji. Tangu barabara ya lami ya Iringa, Dodoma, Kondoa hadi Babati ikamilike na kuzinduliwa mwaka 2018, mji uko kwenye njia moja na arabika ya Kilimanjaro na Arusha upande wa kaskazini, na ile ya Mbozi na Mbeya upande wa kusini. Robusta ya Kagera nayo huja kutoka kaskazini-magharibi; ukichanganya sehemu moja yake kwa nne au tano za arabika unapata povu zito na uzito mdomoni ambao Waitaliano wamekuwa wakiutafuta kwa mchanganyiko kama huo. Kahawa nyingi ya nchi hii huuzwa nje ikiwa haijakaangwa, na arabika ilipopita dola nne kwa ratili katika soko la New York mapema mwaka 2025, kishawishi cha kuisafirisha yote kilikuwa kikubwa. Hata hivyo wakaangaji wapo: ushirika wa KNCU, ulioanzishwa mwaka 1933, una Union Café yake Moshi. Punje iliyokaangwa huwa bora kuanzia wiki moja hivi hadi wiki nne au tano. Basi la usiku mmoja linatosha kuileta. Pakiti isiyo na tarehe ya kukaangwa isinunuliwe, hata iwe na picha nzuri ya mlima. Na kabla ya kuzimimina punje kwenye kinu, zitandaze kwenye sinia: kahawa iliyoanikwa chini huweza kubeba kijiwe, na kijiwe kimoja kinatosha kung'oa jino la kinu cha laki kadhaa.

Adui mkubwa ni maji. Mji unategemea sana visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, na mitaa mingi ya pembeni ina visima vyake binafsi ambavyo wakazi huviita vya maji ya chumvi. Tazama chini ya birika la umeme lolote: lile ganda jeupe ni chokaa, madini ya kalisi na magnesi yanayoganda maji yanapopata moto. Kwenye birika halina madhara makubwa. Kwenye mashine ya espresso maji hupashwa ndani ya bomba jembamba, na ganda la unene wa ukucha hubana njia, hupoteza joto, na mwisho huunguza hita. Dawa ya kwanza haina gharama mpya, kwa sababu nyumba nyingi huchemsha maji ya kunywa: yachemshwe, yatulie usiku kucha, yamiminwe taratibu bila mashapo. Hapo sehemu kubwa ya chokaa imebaki sufuriani. Chumvi yenyewe haiondoki kwa kuchemsha, nayo hula chuma. Mwenye kisima cha namna hiyo achanganye na maji ya chupa au yaliyochujwa kwa mtambo, asitumie hayo yaliyochujwa peke yake, maana maji yasiyo na madini kabisa hutoa kahawa iliyopooza. Kila baada ya miezi miwili mashine isafishwe kwa asidi ya sitriki. Siki nayo inafanya kazi, ukivumilia harufu.

Mwinuko wa Dodoma, mita 1,100 na ushei, hauna shida yoyote, ijapokuwa maji yasiyofunikwa huchemka hapa kwenye nyuzi 96 hivi. Kahawa hukamuliwa kwa takriban nyuzi 93, tena ndani ya shinikizo. Suala ni umeme zaidi. Hita ya wati 1,600 hadi 1,850 huvuta hadi ampea nane, hivyo friji gadi ya ampea tano haifai, na mashine ya volti 120 aliyoileta shemeji kutoka Marekani itadai transfoma nzito.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni kwamba soko lenyewe halipo: Mtanzania anakunywa chai, na anayetaka kahawa huipata kijiweni, kwenye birika juu ya mkaa, kwa mia mbili na kashata pembeni. Ni kweli, na hakuna mashine itakayomshinda muuza kahawa yule kwa bei. Lakini wateja wa mashine hawatoki kijiweni. Wanatoka kwenye mgahawa ambako kikombe cha kapuchino hugharimu maelfu, na kwa watu hao vikombe viwili vya shilingi 1,200 au 1,300 kila kimoja, maziwa kando, ni nafuu. Ni wachache, wakubaliwe kuwa wachache. Uchache huo ndio unaolazimisha biashara ibadilike, kwa sababu mtu hununua mashine mara moja kwa miaka mitano, ilhali kwa vikombe viwili kwa siku atamaliza kilo moja ya punje na ushei kila mwezi. Kaya mia moja ni zaidi ya kilo 1,300 kwa mwaka, na kila kilo inahitaji kukaangwa na mtu na kuletwa na mtu.

Fundi ndiye bado hajapatikana. Mafundi wa friji na majiko ya umeme wapo tele, na kazi ya kubadili hita au pampu haiwazidi. Kinachowakwamisha ni vipuri, kwa kuwa mashine zinazoingia ni za aina nyingi na kila moja ina mpira na vali za vipimo vyake. Muuzaji mwenye mtaji mdogo angefanya vyema kuchagua aina mbili tu, akaweka kabatini seti kadhaa za mipira ya kuzuia maji, pampu na meno ya kinu ya aina hizo, akakubaliana na fundi mmoja wa eneo la Majengo au Sabasaba, na kila mashine akaiuza pamoja na kilo mbili za punje zenye tarehe na paketi ya sitriki.